Mstari wa Mwisho wa Wasifu

Ukitaka kuona uongo usiomdhuru mtu, soma mstari wa mwisho wa wasifu wa vijana wetu. Juu kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, mchepuo wa PCM, chuo. Katikati kuna semina na vyeti vya kuhudhuria. Chini kabisa, kabla tu ya majina ya wadhamini, kuna kipengele cha "Mapendeleo", na hapo taifa zima linapenda mambo matatu: kusoma vitabu, kutazama mpira na kubadilishana mawazo. Mpira nauamini. Lakini sijawahi kukutana na mtu aliyerudi nyumbani jioni, akavua viatu, akasema haya, sasa ngoja nibadilishane mawazo.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye jopo la kusaili waombaji wa shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, katika chuo ambacho sitakitaja. Mimi si mhadhiri. Nilialikwa kama mtu wa viwandani, maana nimekula chumvi nyingi kwenye karakana. Tulikuwa watano, chupa za maji mbele yetu, feni inalia juu, na rundo la mafaili mezani. Nikawa napitia ule mstari wa mwisho kwa kujifurahisha tu. Kusoma, mpira, mawazo. Kusoma, mpira, mawazo. Kisha faili moja likasema: "Kufungua vitu."

Mwenye faili aliingia na shati jeupe lenye mikunjo ya begi. Alikuwa amepita njia ya kuzunguka: chuo cha ufundi cha VETA, kisha stashahada, kisha kazi, kisha shahada ya kwanza akikaribia miaka thelathini. Kabla ya yote hayo alikulia kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake. Hilo hatukumwuliza, lilimtoka akijibu swali jingine kabisa. Alisema mashine ikikaribia kuua beringi huanza kuimba kabla ya kunguruma, na kwamba mjomba alimfundisha kugusisha ncha ya bisibisi kwenye kikasha cha beringi, mpini ukiwa sikioni, asikilize kama daktari asikilizavyo kifua. "Ukisikia kama mtu anatembea kwenye kokoto," alisema, "una siku mbili."

Mwenyekiti akatazama saa. Tukarudi kwenye GPA yake, iliyokuwa chini kidogo ya kiwango tulichojiwekea, tukamwuliza ilikuwaje hisabati ya mwaka wa pili. Akasema mwaka ule alikuwa akifanya kazi usiku. Tukamshukuru kwa kuja.

Hatukumchukua. Nasema "hatukumchukua" kwa sababu nami nilinyamaza. Kuna tawi zima la uhandisi linaloshughulika na kusikiliza mtikisiko wa mashine. Watu wanaliandikia tasnifu za uzamivu, wanafunga vihisi kwenye beringi na kuifundisha kompyuta kutambua mlio wa beringi inayokufa. Mbele yetu alikuwa amekaa kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa bisibisi tangu utotoni. Swali la utafiti alikuwa nalo tayari, kilichopungua ni hisabati. Sisi tulitafuta wenye hisabati, tukiamini swali litakuja lenyewe.

Haliji. Hilo ndilo ninalotaka kulisema Jumamosi hii, na msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Katika uhandisi mitambo, na zaidi katika roboti, alama humwezesha mwanafunzi kujibu swali. Swali lenyewe hutoka kwenye maisha aliyokuja nayo: jeraha lake, mchezo wake, kiwanda cha baba yake, cherehani ya mama yake. Tunayasoma maisha hayo kama mapambo ya karatasi.

Chukua mtu ambaye Tanzania imo kwenye hadithi yake. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi mitambo katika chuo cha MIT cha Marekani, alikuja huku kutazama hali ya viti mwendo. Tatizo alilolikuta analiona kila anayepita Kariakoo au Dodoma na macho yake. Kipo kiti cha namna ya hospitali, cha kusukuma ringi kwa viganja, ambacho kwenye mchanga kinazama na kwenye mlima kinamvunja mtu mabega. Na ipo baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha pedali kwa mikono, inayokwenda mbali lakini mlangoni haipiti. Mwenye kuhitaji anachagua moja: ama atoke nyumbani, ama aingie nyumbani.

Kiti ambacho yeye na wenzake walikuja kukibuni, Leveraged Freedom Chair, kina nyenzo mbili ndefu zilizosimama mbele ya mkaaji, moja kila upande. Unazisukuma mbele, mnyororo wa baiskeli unapeleka nguvu kwenye magurudumu. Hakina gia za kubadilisha. Gia ni mahali unaposhika. Shika wenzo juu, karibu na ncha, unapata nguvu ya kupanda mlima au kujitoa kwenye tope. Shusha mikono karibu na mhimili, kila msukumo unalizungusha gurudumu zaidi na kwenye lami unakwenda kasi. Kila fundi aliyewahi kuchomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili afungue nati iliyoganda anaijua hesabu hiyo mwilini, hata kama hajawahi kuiandika. Ukifika kwako unazichomoa nyenzo, kinabaki kiti cha kawaida. Na vile vinavyozunguka ni vipuri vya baiskeli, ili kikiharibika kijijini asitafutwe mtaalamu kutoka ng'ambo. Aitwe fundi baiskeli aliye chini ya mwembe.

Toleo la kwanza lililojaribiwa Afrika Mashariki lilikwenda vizuri njiani na vibaya ndani ya nyumba. Pana mno, zito mno. Waliolikalia ndio waliosema, na wabunifu wakarudi mezani. Naipenda sehemu hii kuliko kiti chenyewe.

Sasa sikia tasnifu ya uzamivu ya mtu huyohuyo ilihusu nini. Chaza. Kuna aina moja kwenye pwani ya Atlantiki ya Marekani, mrefu na mwembamba kama mpini wa wembe wa kinyozi, anayejichimbia kwenye mchanga wa baharini zaidi ya nusu mita kwa wepesi wa ajabu. Ukimpima nguvu za misuli, hana uwezo wa kufika huko. Ukilisukuma gamba tupu la chaza mchangani, kadiri unavyoshuka ndivyo mchanga unavyokaza. Ukitaka kwenda kina mara mbili, utatumia nishati mara nne. Chaza haingii kwa mabavu. Anajikunja ghafla, gamba linajibana, maji yanavutwa kujaza nafasi iliyoachwa, na mchanga unaomzunguka unalegea kuwa uji mzito. Anashuka ndani ya uji alioupika mwenyewe. Hapo nishati inaongezeka sambamba na kina tu: mara mbili kwa mara mbili. Winter na msimamizi wake, Anette Hosoi, walijenga roboti ya kuiga mwendo huo, wakaiita RoboClam, wakitazamia nanga ndogo za vyombo vya chini ya bahari na uchimbaji wa kufukia nyaya.

Karani wa udahili angesema huyu hajui anachotaka: leo viti vya watu wenye ulemavu, kesho wadudu wa baharini. Mimi nasoma jambo moja. Mabega ya mtu aliyekaa na mguu laini wa chaza vyote vina nguvu kidogo, na vyote vinapaswa kupita kwenye ardhi isiyotaka kupitwa. Mwenye jicho la kuona hivyo hulipata kwa kuzurura: Dar es Salaam mwezi mmoja, matopeni mwezi mwingine. Sisi mwanafunzi wa uzamili akizurura tunamwandikia barua ya onyo.

Hugh Herr alikuwa mpanda miamba. Ndiyo kazi, ndiyo dini, ndiyo shule, maana shuleni kwenyewe hakuwa mtu wa vitabu. Januari 1982, akiwa na miaka 17, yeye na mwenzake walipotelewa na njia katika dhoruba ya theluji kwenye Mlima Washington huko New Hampshire. Mmoja wa waliokwenda kuwatafuta alifukiwa na maporomoko ya theluji akafa. Herr aliokolewa, lakini baridi ilikuwa imeshaiua miguu yake; ikakatwa yote miwili chini ya magoti. Aliporudi nyumbani hakuwa anataka shahada. Alitaka kurudi mwambani, na miguu bandia aliyopewa ilikuwa ya kumtembeza ukumbini. Akaingia karakanani akajitengenezea mingine: yenye ncha nyembamba za kuingia kwenye nyufa ambazo kidole cha mguu wa nyama hakiingii, na mingine yenye meno ya kushika barafu. Akapanda palipowashinda wenye miguu yao.

Hisabati ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu karakana ilifika mwisho wa uwezo wake. Alisoma fizikia katika chuo cha Millersville, Pennsylvania, ambacho hakuna anayekitaja akitaja vyuo vya Marekani. Kisha uzamili wa uhandisi mitambo MIT. Kisha uzamivu wa biofizikia Harvard. Leo ni profesa MIT, anatengeneza vifundo vya miguu vyenye mota vinavyosukuma ardhi kama kifundo cha nyama, na anakwenda kazini akiwa amevivaa. Nafikiria faili lake likitua mezani kwetu siku ile, feni ikilia. Mapendeleo: kupanda miamba. Mwenyekiti angetazama saa.

Marc Raibert naye, aliyeanzisha Boston Dynamics mwaka 1992, kampuni ya zile roboti zinazopiga sarakasi kwenye simu zetu, alikuwa MIT akisomea ubongo na mishipa ya fahamu. Amesimulia kwamba siku moja alimfuata mhadhiri mmoja hadi maabara, akakuta mezani mkono wa roboti umefunguliwa vipande vipande, na tangu siku hiyo akawa mtu wa roboti. Kufungua vitu, kumbe. Lakini hakuyatupa masomo ya mwili. Wahandisi wengi wa wakati ule walitaka mashine isimame imara kila hatua, kama meza. Aliyesomea viumbe anajua kwamba mnyama akikimbia anaanguka na kujidaka, anaanguka na kujidaka. Mapema miaka ya 1980 Raibert alijenga roboti ya mguu mmoja tu, isiyoweza kusimama kabisa. Ili isianguke ilibidi irukeruke, kama mtoto aliyechomwa na mwiba. Kutoka kwenye mguu ule mmoja wakazaliwa wa miguu miwili na minne.

Nisieleweke kwamba ng'ambo wana roho safi kutuzidi. Mapenzi ya mwanafunzi yana mfadhili, na mfadhili mkubwa wa roboti Marekani kwa miaka mingi amekuwa jeshi. Ile roboti ya miguu minne iitwayo BigDog, ya mwaka 2005, ilitengenezwa kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi, kama punda wa kubebea askari mizigo. Kijana anaingia maabara akipenda jinsi mbuzi anavyopanda jabali. Anatoka akiwa amepima uzito wa risasi. Huko mtoa fedha ni jenerali. Kwetu ni shirika la misaada, na matokeo yake ni ya upole zaidi lakini yanafanana: mwanafunzi aliyekuja akiota mikono ya roboti anapewa mada ya msimamizi, msimamizi amepewa mada na mradi, na baada ya miaka miwili anatoka na tasnifu ya kikaushio cha maembe kwa nguvu ya jua. Sina ugomvi na kikaushio. Maembe yanaoza kweli. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyemwuliza kama amewahi kulima mwembe, na pengine darasa lilelile lilikuwa na mtoto wa mkulima wa Muheza aliyepewa mada ya majiko.

Mwaka 2012 watu wawili walifanya jambo lililonifurahisha. Ayorkor Korsah wa Ghana, aliyepata uzamivu wa roboti Carnegie Mellon na kurudi kufundisha chuo cha Ashesi, aliungana na Ken Goldberg wa Berkeley kuanzisha mtandao wa wana-roboti wa Afrika. Huyo Goldberg ni Mmarekani aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, mhandisi na msanii kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 yeye na wenzake waliweka mkono wa roboti katikati ya bustani ndogo ya udongo halisi, wakauunganisha na intaneti, na maelfu ya watu wakawa wanapanda mbegu na kumwagilia wakiwa makwao. Ukimwuliza mhasibu, bustani ile haikuzalisha hata mchicha wa jioni moja.

Korsah na Goldberg wakatangaza shindano: tengenezeni roboti ya kufundishia watoto, gharama isizidi dola 10. Mmoja wa washindi, Thomas Tilley, aliyekuwa akiishi Thailand, alichukua kidhibiti cha mchezo wa televisheni, kile cha vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba, akakigeuza gari, na juu ya vijiti akachomeka pipi mbili za kijiti. Roboti ikigonga ukuta, pipi kwa uzito wake zinainama mbele, zinavisukuma vijiti, na kompyuta inajua kwamba kuna ukuta. Pipi ni kihisi. Jumla: dola 8.96. Wanangu wangekila hicho kihisi kabla ya jaribio. Lakini tazama kilichomo: hakuna hesabu pale inayomshinda mwanafunzi wa kidato cha sita. Kinachohitajika ni mtu aliyecheza, akavunja, akafungua, na hakuambiwa anaharibu.

Jirani zetu wa Kongo wana mfano ambao watu waliucheka mapema mno. Mwaka 2013 Kinshasa ilisimamisha roboti za kuongoza magari, za alumini, ndefu kuliko mtu, zenye paneli za jua na kamera, kifua kinachozunguka na mikono inayonyanyuka. Mbunifu wake ni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Nilisikia wasomi wakisema hizo ni taa za barabarani zilizovaa suti. Sawa. Lakini aliyekaa kwenye foleni ya Kinshasa, au ya Tazara, anajua kwamba dereva wetu akiona taa nyekundu anaona pendekezo, na akiona mwili wenye mikono anakanyaga breki. Tena mwili huo hauombi chai. Ujuzi huo ni wa mtu aliyepita njiani na kuzijua tabia za madereva, na hakuna mtihani wa nadharia ya udhibiti unaoweza kuupima.

Vyuo vyetu havikosi pa kuanzia. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973 kiliwapeleka wanafunzi wake viwandani kwa mafunzo ya vitendo, yale wanayoyaita PT, na vizazi vya wahandisi vikarudi na grisi kwenye kucha. Juja, nchini Kenya, taasisi ya Pan African University iliyoko katika chuo cha Jomo Kenyatta inakusanya wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka kila pembe ya bara, na Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon tangu 2011. Ila kadiri mtu anavyopanda ngazi ya masomo ndivyo grisi inavyotoka. Wa shahada ya kwanza anakwenda PT. Wa uzamili anakwenda kwenye kompyuta, anachora roboti kwenye programu, anaiendesha kwenye programu, inatembea bila kuteleza kwa sababu ndani ya programu hakuna vumbi.

Nilipata bahati ya kumtazama mmoja aliyejaribu kutoka nje ya kioo. Alitaka kujenga kigari cha kubeba vyombo vya maabara, akakosa fedha za mota za kuagiza, akashuka mtaa wa Gerezani akanunua mota mbili za waipa zilizotolewa kwenye magari chakavu. Uchaguzi wa busara: volti 12, zinaunguzika kwa shida, na ndani kuna parafujo inayozungusha gia, kwa hiyo nguvu ipo na kigari kikisimama hakirudi nyuma chenyewe. Akafunga moja kulia na moja kushoto. Kigari kikawa hakinyooki. Kila akikiambia nenda mbele, kinakwenda kama mlevi anayetafuta ukuta. Wiki mbili akarekebisha programu. Akapima magurudumu, akabadilisha betri, akaandika upya. Ya tatu nikamwambia turudi kwa aliyekuuzia.

Fundi alikuwa anakula mihogo. Akasikiliza nusu ya maelezo, akasema, "Hizo zina upande," akaendelea kula. Tukamwomba afafanue. Akanawa, akachukua mota moja, akaigusisha kwenye betri, ikalia. Akageuza waya, ikalia tena, kwa sauti nzito kidogo. "Waipa haijawahi kuambiwa irudi kinyume," akasema. "Ukiifunga huku na huku, moja inakwenda mbele na mwenzake anarudi nyuma." Basi. Mota moja ilikuwa ikizunguka upande iliyozaliwa nao na nyingine upande wa kulazimishwa, kwa hiyo kasi hazilingani.

Kisha ikaja sehemu ambayo wapenzi wa simulizi za jua kali huwa wanairuka. Nilimwuliza fundi kwa nini. Akasema ndivyo zilivyo. Kijana wangu ndiye aliyefungua ile mota, akatazama vile vijiti vya kaboni vinavyopitisha umeme, akaona vimewekwa kwa pembe, akakaa na kalamu, na jioni akanieleza jinsi pembe ile inavyoipendelea mota upande mmoja na kuinyima upande wa pili. Akaandika mlinganyo, akaweka kwenye programu, kigari kikanyooka. Fundi asingefika hapo. Nasi tusingetoka kwenye wiki ya tatu bila fundi. Kwa hiyo simtukuzi mjomba wa mashine ya kusaga kama nabii. Bisibisi sikioni haiwezi kusikiliza mashine elfu moja kwa mpigo, hisabati inaweza. Lakini hisabati haikujua kwamba kuna kitu cha kusikiliza.

Na mabinti? Nitasema machache, kwa kuwa wao wenyewe wanalisema vizuri zaidi. Helen Greiner, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya iRobot mwaka 1990, anasema alinaswa na roboti utotoni alipomwona R2-D2 kwenye filamu ya Star Wars; baadaye akasoma uhandisi mitambo MIT. Binti wa kwetu hakuwa na R2-D2. Alikuwa na cherehani ya mama barazani, chombo ambacho ndani yake sindano inashuka, kitanzi cha uzi kinafunguka, na ndoano ya chini inapita ndani ya kitanzi hicho kwa wakati wake hasa, mara mamia kwa dakika, kwa mguu wa mtu mmoja. Anayejua kurekebisha cherehani inayoruka mishono anajua upangaji wa mwendo wa mitambo. Akiandika "kushona" kwenye mapendeleo yake, jopo linatabasamu na kufikiria vitambaa vya meza.

Mwaka huu nimealikwa tena, chuo kingine, jopo jingine. Safari hii nilisoma mafaili kuanzia chini. Mengi yalikuwa yaleyale, mpira na mawazo, na sikuwalaumu. Mtoto anayejua kwamba hasomwi hana sababu ya kuandika. Faili la tisa liliandika "kufuga njiwa." Alikuwa binti mwembamba, amekaa ukingoni mwa kiti, mikono imebana bahasha ya vyeti. Zamu yangu ya kuuliza ilipofika nikamwambia: hebu nieleze njiwa anatuaje.

Akanitazama kama anatafuta mtego ulipo. Kisha akaweka bahasha chini. Akasema njiwa hatui kwa kushuka, anatua kwa kupanda. Anakuja chini ya usawa wa kibanda, halafu dakika ya mwisho anauinua mwili ukawa wima, mkia anaufungua kama feni ya mkono, mabawa yanapiga kwa mbele kama mtu anayesukuma mlango, na kasi inakwisha palepale miguu inapogusa. Alikuwa na mmoja aliyenyofolewa manyoya ya bawa moja na paka. Akasema alimwona akijifunza kutua upya kwa muda wa wiki tatu, kwanza akigonga ukuta, kisha akigeuza mkia upande ili kufidia bawa bovu. Alisimama kutuonyesha. Bila aibu, mbele ya maprofesa wanne, alinyoosha mikono, akaulaza mwili wake upande mmoja, akakunja kiganja cha kushoto.

Mimi nilikuwa najua kwamba Stanford, mwaka 2020, walirusha roboti yenye manyoya 40 halisi ya njiwa ili waelewe bawa linavyobadilika umbo angani. Sikusema. Nilitaka aendelee. Mwenyekiti wa jopo hili alikuwa ameshika kalamu juu ya safu ya alama, na nikaona ameiweka chini, amevua miwani.

"Na akitaka kugeuka," akamwuliza, "anaanza na bawa au na mkia?"